Shoka la Baba Mkwe

Jumamosi, 5 Oktoba

Asubuhi njema kupindukia. Magulio matatu ya uani, watu wanapouza vitu vyao vya zamani, kabla ya saa tatu! La kwanza hovyo tu, vikombe na nguo za watoto. La pili nilifika dakika arobaini kabla ya muda nikajikunyata garini, maana bango lilisema wanaowahi watafukuzwa. Nikafukuzwa. La tatu, ghalani kwa mjane mmoja kule barabara ya kinu, nikakuta vichwa viwili vya shoka ndani ya ndoo ya misumari. Dola tano vyote! Mjane akaniuliza ninavitakia nini vyuma vilivyooza. Nikamwambia vya kuzuia mlango usibamizwe na upepo. Akanionea huruma, akaniongezea bawaba. Nikarudi nyumbani napiga mluzi.

Sasa nina vichwa arobaini na moja. Noella, mke wangu, anajua kumi na viwili.

Nimemkuta jikoni anamenya bitiruti za kutia kwenye siki. Habari: baba yake anakuja Jumapili ijayo. Alcide Ouellette, miaka tisini na moja, mkata miti wa kambi za msituni tangu hajaota ndevu. Kesho yake anapanda ndege kwenda Florida kuishi kwa kaka yake Noella, moja kwa moja. Huko hata jiko la kuni hawana. Kwa hiyo ana ombi moja tu. Anataka kuwasha moto wa kwanza wa msimu wa baridi katika nyumba hii aliyoijenga kwa mikono yake, kama afanyavyo kila Oktoba, na kuni azipasue mwenyewe. Kwa shoka lake.

Nikasema vizuri sana. Nikasema haswa, lazima. Kisha nikaenda gerejini nikakaa juu ya ndoo.

Shoka halipo! Mwezi wa Mei nilibadilishana na Burleigh Tuttle, mwenyekiti wa Chama cha Mashoka cha Maine Kaskazini (wanachama tisa, maadui wote). Alinipa shoka la makali mawili, adimu, karatasi ya kiwandani bado imebandikwa. Karatasi ilibanduka siku ya tatu. Nyuma yake kuna mwandiko wa mke wa Burleigh: mayai, sabuni, dawa ya kikohozi.

Noella anaamini la baba yake liko gerejini, limeviringishwa kwenye gunia lenye mafuta lisipate kutu. Uongo huo niliutunga mwenyewe na niliuona mzuri.

Jumapili, 6 Oktoba

Nimekwenda kwa Burleigh kama mtu anayepita tu. Shoka limetundikwa ukutani juu ya meza yake ya chakula. Herufi A.O. kwenye mpini zinanitazama! Nikazungumza hali ya hewa, nikazungumza bei ya petroli, nikasema, hivi lile shoka baya baya pale, kwa nini usinirudishie tu likakuondokea.

Burleigh akacheka mpaka akakohoa. Eti Merle ndugu yangu, tulipeana mikono, na mkono ni mkono. Eti shoka linakwenda mezani kwenye maonyesho ya wilaya Jumamosi, na nikiwa na hamu ya kuliona kiingilio ni dola nane, wazee dola tano, nichague mwenyewe niko kundi gani. Kenge yule.

Nikatoka na hasira. Ila kabla sijafika kwenye sanduku la barua nikawa nimeshapata dawa. Kwani mzee anataka nini? Shoka. Kichwa cha kilo moja na nusu na ushei, umbo la kabari kama yalivyo mashoka yetu ya huku, mpini mwembamba, herufi A.O. Vitu vinne! Nikapekua vichwa vyangu vyote arobaini na moja, na cha thelathini na nane ndicho. Kiwanda kilekile, uzito uleule. Kimekula kutu hadi kinafanana na mkate uliosahauliwa, lakini kutu ni kazi ya siki.

Siki iko wapi? Kabatini mwa Noella. Chupa nne kubwa.

Jumatatu, 7 Oktoba

Siki imefanya maajabu! Nimekitoa kichwa alfajiri, nikakisugua kwa brashi ya waya, na alama ya kiwanda ikajitokeza waziwazi. Nikakigonga kwa msumari. Kikalia kama kengele. Nikakigonga tena, kwa raha tu.

Noella kaulizia siki. Nikasema panya. Akauliza panya hao wanafungua vifuniko kwa mkono gani. Nikaenda dukani bila kutumwa nikanunua chupa sita, na maua juu. Kosa, maua yale. Ndoa ya miaka thelathini na miwili, mwanamke akiona maua huanza kuhesabu vitu ndani ya nyumba.

Jumanne, 8 Oktoba

Mpini. Ya dukani haifai, minene kama mguu wa meza, mtoto mdogo angejua. Wakata miti wa zamani walichonga mipini yao wenyewe, kila mtu kwa kipimo cha mkono wake, myembamba shingoni ili ikupokelee pigo. Mimi nimeuza bima miaka ishirini na tisa. Ndiyo maana baba mkwe hajawahi kuniita Merle. Ananiita Bima. Bima, lete chumvi. Bima, sogea nipite. Siku ya harusi yangu alimwambia kasisi, huyu ndiye Bima.

Nilikuwa na gogo moja lililokauka, la mti ule wanaochongea magongo ya besiboli. Nikalipasua kwa kufuata nyuzi zake, nikalibana kwenye jiliwa, nikakaa kulivuta kwa kile kisu cha mikono miwili. Nilitegemea maafa. Nina plasta pakiti nzima mfukoni.

Jamani, umekuja wenyewe! Saa sita nimekaa, sikula, sikuwasha redio. Nyuzi zimenyooka toka juu mpaka chini. Mwisho nikavunja chupa nikaukwangua kwa kioo, wanavyofanya wenyewe, mpaka ukawa laini kama shavu. Nikauinua, ukaniyumba mkononi kidogo. Sijui hata nilijifunzia wapi. Nadhani ni kwa kuharibu mingine kumi na saba.

Ukichomekwa kwenye kichwa, ukilaza shoka mezani, makali yanagusa meza na kitako cha mpini kinagusa meza, sawasawa. Nilikaa naliangalia. Kwa muda nilisahau kabisa kwamba natapeli.

Jumatano, 9 Oktoba

Leo kulizeesha. Kahawa nyeusi mara tatu, masizi ya bomba la jiko, jasho langu mwenyewe (nilikimbia kuzunguka nyumba nikiwa nimelishika, jirani akaniuliza namkimbiza nani). Herufi A.O. nikazichoma kwa msumari wa moto. Kisha mafuta ya kitani, nikapaka, nikafuta, nikapaka, nikafuta. Limetoka kama lina miaka sitini! Nikaenda kula mkate na supu kwa dhamiri safi.

Sasa, kila mtu mwenye shoka hapa Maine anajua: matambara yenye mafuta ya kitani usiyakunjekunje ukayarundika, yanapata joto yenyewe na kuwaka. Yatandaze kwenye uzio. Mimi mwenyewe niliwaonya wateja kwa miaka ishirini na tisa. Nilikuwa na karatasi maalumu ya kuwaonya, ina picha.

Niliyarundika kwenye ndoo chini ya meza.

Saa nane moshi. Noella akapiga simu zimamoto kabla sijamaliza kusema si kitu. Zimamoto wa mji huu ni wa kujitolea, na kapteni wao, sitaki hata kuandika, ni Burleigh Tuttle. Aliingia gerejini na kofia ya chuma na mpira wa maji, akazima ndoo kwa sekunde tatu, akaendelea kumwaga dakika tano zaidi kwa raha zake. Halafu akaliona. Shoka langu, mezani, A.O. juu.

Akalitazama. Akanitazama. Akaona mabaki ya kahawa. Uso ukamfunguka taratibu akatabasamu mpaka magego.

Noella akasimama mlangoni akauliza kuna kilichoharibika. Burleigh akavua kofia akasema hakuna, mama, shoka la baba yako limesalimika. Akanikonyeza!

Ijumaa, 11 Oktoba

Kama nilivyotarajia, Burleigh amepita na madai yake ili anyamaze. Kwanza, nijitoe kwenye mashindano ya zana zilizofufuliwa kesho, yeye abaki peke yake. Sawa. Nilitegemea kumwangusha kwa jembe la babu yangu la kukatia barafu ziwani, lakini sawa. Pili, akaribishwe kula maharage Jumapili. Nikamuuliza ya nini. Eti hajaonja maharage ya Noella tangu msiba wa shangazi yake, na tena anapenda sana kuona familia ikifurahi pamoja.

Nimemkaribisha. Noella ameona vizuri sana. Eti mwishowe nimejifunza kuishi na watu.

Jumamosi, 12 Oktoba

Maonyesho ya wilaya. Kazi moja tu: Noella asikaribie meza ya Chama, ambako shoka la baba yake limelazwa juu ya kitambaa cha bluu, mchana kweupe. Nikampeleka kwa nguruwe. Nikampeleka kwa maboga. Nikampeleka kwa nguruwe tena. Nikajitia kizunguzungu karibu na keki. Nikamnunulia tiketi ya lile gurudumu kubwa la kupandisha watu angani, akasema Merle, nina miaka hamsini na nane na naogopa juu, nikasema ndiyo raha yake. Tukiwa kileleni nikaona anatazama chini, upande wa hema la Chama, anafinya macho. Nikapiga yowe. Nilikuwa naogopa kweli, kwa hiyo lilitoka zuri.

Burleigh kashinda utepe wa mshindi. Hakukuwa na mshindani mwingine.

Jumapili, 13 Oktoba

Niandike yote.

Mzee Alcide kafika saa tano, amevaa ile jaketi yake ya miraba ya kambini, kakonda lakini kichwa kiko wima. Akamkumbatia Noella kwa muda mrefu. Mimi akanipa begi. Shika, Bima. Akazunguka nyumba akigusagusa kuta, na Noella akageukia dirishani akajifuta macho. Hapo niliumia. Nilitamani kweli kweli shoka lingekuwa lake.

Burleigh alikuwa ameshakaa mezani na kitambaa shingoni, kajipakulia.

Nikalileta. Mzee akalipokea uani, mbele ya gogo la kupasulia. Akaligonga kwa ukucha, akasikiliza. Akaupitisha mkono kwenye mpini, taratibu, toka shingoni hadi kitakoni. Akanyanyua. Tap! Kuni ikafunguka pande mbili. Tap! Miaka tisini na moja! Kapasua saba bila kupumzika, na kila moja ilipoanguka alitoa kasauti kadogo ka raha. Nikajua nimepona. Burleigh kasimama mlangoni na sahani, kanuna, mambo hayakumwendea.

Halafu mzee akasema: huu mpini si wangu.

Noella akamwambia taratibu, ni wako baba, uliuchonga mwenyewe mwaka wa sitini na moja, herufi zako hizi. Mzee akasema hapana. Eti kichwa nacho si chake, cha kwake kimemeguka pembeni, lakini tuache kichwa. Eti yeye hajapata kuchonga mpini wa maana maisha yake yote. Ule wa kwake aliuchonga amelewa, ulimtoa malengelenge miaka hamsini, na hakuuacha kwa kiburi tu kwa sababu kambi nzima ilimcheka siku ya kwanza. Eti leo alikuja na nia ya kuutia jikoni uwe ndio kuni ya kwanza, afe ameshinda.

Noella akanishika mkono, akaninong'oneza, machozi yanamlenga, eti masikini baba, ameanza kusahau.

Ningenyamaza tu! Noella keshaamini. Kesho mzee yuko Florida. Burleigh mdomo umejaa maharage. Mlango wa kutokea uko wazi kabisa mbele yangu, upana wa lori.

Lakini mzee hakuwa amemaliza. Akaugeuzageuza mpini juani. Akasema aliyechonga huu anajua mti. Eti ameufuata uzi mpaka mwisho, hakuulazimisha. Eti kambini mtu kama huyu wangempa kitanda cha karibu na jiko, na mpishi angemwekea pai kando. Akauliza: nani kachonga huu?

Ningependa kuandika kwamba nilisema kwa ajili ya heshima ya mzee, asidhaniwe kachanganyikiwa. Lingekuwa jambo zuri. Ukweli ni kwamba mdomo ulifunguka wenyewe, na sauti iliyotoka ilikuwa ya mtoto wa darasa la kwanza.

Mimi! Nimechonga mimi!

Mzee akanitazama kama ndiyo kwanza ananiona. Akasema, wewe, Merle?

Merle! Miaka thelathini na miwili! Nikaanza kueleza nyuzi, kisu, kioo cha chupa, na nilikuwa bado naeleza nilipoona Noella ameuachia mkono wangu. Akauliza kwa sauti ndogo sana: sasa la baba liko wapi?

Burleigh akasema tulipeana mikono. Akataka kusema zaidi, Noella akamwambia Burleigh, weka sahani chini uende nyumbani kwako, na Burleigh Tuttle, kapteni wa zimamoto, akaiweka na kwenda. Mzee akampigia kelele mgongoni kwamba shoka lililoko kwake lina mpini mbaya kuliko yote wilaya nzima, alitundike mahali watu hawataliona. Ilikuwa sekunde tamu mno. Kisha nikabaki na mke wangu.

Hakupiga kelele. Angepiga ningejua la kufanya. Alisema hajali shoka lina mpini gani, ni la baba yake, na kila aliponiuliza nilimtazama machoni nikasema liko kwenye gunia. Alisema kuanzia leo kila nikisema neno itambidi aende akaangalie. Nimeona haya, naandika hivyo hivyo. Nimeapa mbele ya mzee: nitalirudisha, na sitauza wala kubadilisha kitu kingine cha familia hii mpaka naingia kaburini.

Moto uliwaka vizuri. Mzee alisinzia kando yake na shoka langu mapajani. Anakwenda nalo Florida.

Jumanne, 15 Oktoba

Limerudi! Liko gerejini, linaning'inia msumarini, A.O. na pembe yake iliyomeguka. Noella alipoliona alinishika uso kwa mikono miwili akasema asante. Usiku huu nalala kitandani, si kwenye kochi. Ameniuliza Burleigh alikubalije. Nikasema tumeongea kiutu uzima.

Tumeongea kiutu uzima kweli. Alitaka kitu cha zamani cha kutundika pale ukutani, maana pengo linamkera mkewe. Nikakumbuka darini kuna vile viatu vya theluji vya mzee, viwili, fremu za mbao zilizosukwa kwa ngozi, za kutembelea juu ya theluji, zina vumbi hivi. Mama yake ndiye aliyemsukia alipokwenda kambini mara ya kwanza. Lakini mzee yuko Florida! Florida hakuna theluji! Vitu vilikuwa vinakaa bure, nikampa. Ukitazama vizuri, hapa sikuuza. Nimeokoa shoka.

Alhamisi, 17 Oktoba

Noella kaingia jikoni anacheka na kulia pamoja. Baba yake kapiga simu. Florida imemshinda ndani ya siku tatu. Joto, mijusi, na mtu wa usalama alimkuta anapasua kiti cha bustani. Anarudi kuishi na sisi, Novemba, kabla theluji haijakolea, na anataka kuikanyaga mara ya kwanza na Merle wake. Kamwambia Noella amteremshie vile viatu vya mama kutoka darini avipanguse vumbi. Noella kasema atapanda Jumamosi, akimaliza bitiruti.

Hakuna sababu ya kuchanganyikiwa. Mbao za kukunja ninazo. Mkono ninao, mzee mwenyewe kasema. Kinachopungua ni kamba za ngozi za zamani, zilizokwisha kupata rangi, na hizo nimeziona leo leo pale sebuleni: kiti cha kubembea cha bibi yake Noella, kikalio chake kimesukwa kwa ngozi tupu, futi kama arobaini kwa hesabu yangu. Nimekitupia mto juu, nikizitoa pengo lisionekane. Hakuna mtu anayekikalia kile.